Usiezue paa kwa sababu ya doa la dari

Mhariri,

Mvua ya kwanza ikinyesha na doa la rangi ya chai likajichora darini, mwenye nyumba hapungukiwi washauri. Mmoja atamwambia atafute kopo la lami azibe, mwingine atamwambia paa limeshachoka, aliezue lote. Mara nyingi wote wawili huyasema hayo wakiwa chini, kiganja kwenye paji la uso kukinga jua. Naomba nafasi nieleze jinsi jibu linavyopatikana kwa kupanda juu na kushika kwa mkono. Nitakaa zaidi kwenye paa la bati, maana ndilo linalowachanganya watu kuliko mengine.

Paa la bati lina vitu vitatu vinavyokufa kwa nyakati tofauti: misumari, bati lenyewe, na mbao zinazolibeba. Misumari ikifa, unakarabati. Bati likitoboka hapa na pale, unabadilisha mabati yaliyotoboka, lakini likiliwa kwenye maungio, hapo unaezua. Mbao zikiwa ndizo mbovu, kila utakachofanya juu yake ni kazi ya kurudiwa. Umri wa paa, ambao ndio swali la kwanza la kila anayeulizwa ushauri, hausemi mengi. Nyumba moja huwa na upande uliolala chini ya mti, majani yakishikilia unyevu kwa miezi, na upande mwingine ulio wazi kwa jua na upepo. Pande zote mbili ziliezekwa siku moja, lakini ule wa chini ya mti utatoboka miaka mingi kabla ya mwenzake.

Anza kwa ndani. Ingia darini mchana wakati jua ni kali, zima tochi, kaa dakika tano macho yazoee giza. Kanyaga mbao tu, kamwe si silingi bodi. Mwanga utaanza kuonekana kwenye matundu kama vinyota. Sasa tazama vilivyojipanga. Vikifuata mstari wa papi, yaani zile mbao za kulaza zinazopigiliwa bati, ujue ni matundu ya misumari, na habari hiyo ni njema. Vikiwa vimetawanyika ovyo katikati ya bati, hiyo ni kutu iliyokwisha kupenya. Vikijipanga kwa kushuka, kutoka juu ya paa kwenda chini, pale bati moja linapolalia jingine, basi maungio yameliwa. Weka alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu na kila tundu, kwa sababu ukishapanda juu hutaliona tena.

Ukikosa mwanga popote na bado dari linaloa, kuna mambo mawili ya kufikiria. La kwanza ni maji yanayosafiri. Tone linaingilia kwenye kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa, linateleza chini ya bati hadi kwenye papi, linaifuata papi mita mbili au tatu, halafu linadondoka. Doa la dari hukuonyesha mahali tone lilipochoka, si mahali lilipoingilia. Dawa yake ni mpira wa maji na watu wawili, mmoja nje na mwingine darini. Mwagia ukianzia chini ukingoni, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, ukipanda polepole. Ukianzia juu, maji yatapita kila mahali kwa mkupuo na hutajua yameingilia wapi. Kagua hasa palipochomoza bomba, palipokutana paa na ukuta, mabonde ambamo pande mbili za paa zinakutana kwa ndani, na kila tundu lililotobolewa na aliyefunga dishi au paneli za sola.

La pili ni jasho la bati. Usiku bati linapoa kuliko hewa iliyo darini, na mvuke unaotoka jikoni, bafuni na kwenye pumzi za waliolala unagandia upande wake wa chini na kudondoka alfajiri. Mwenye nyumba huona maji siku ambayo hata mvua haikunyesha, akaita fundi, na fundi asiye makini akamwuzia paa jipya. Dalili yake iko wazi: matone madogo yaliyoenea chini ya bati zima, badala ya mchirizi unaotoka mahali pamoja. Hapa kinachotakiwa ni hewa ipite, iingilie chini ya ukingo wa paa na itokee karibu na kilele. Bati jipya lisilo na tundu hata moja litatoka jasho vilevile.

Kabla ya kutoka darini, chukua bisibisi bapa uchokoe mbao. Chokoa papi za ukingoni, kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, pale zinapokalia ukuta, na mbao zote zilizo chini ya bonde la paa. Mbao nzima hukataa, ncha huacha alama tu. Ikizama sentimita moja bila kulazimisha, imeoza. Unga laini kama wa talki chini ya vitundu vidogo vya duara ni wa wadudu wanaotoboa mbao; njia za udongo zilizopanda ukutani ni za mchwa. Kisha vuta kamba kutoka ncha moja ya kilele hadi nyingine. Kilele kikiwa kimelala katikati kama mgongo wa punda mzee, tatizo liko kwenye kenchi, na mazungumzo ya bati yasubiri.

Sasa panda. Mguu wa ngazi uwe mbali na ukuta mita moja kwa kila mita nne za kimo, na ngazi izidi ukingo wa paa mita moja ili uwe na cha kushika. Usipande bati likiwa limelowa, na ukiwa juu kanyaga kwenye mistari ya misumari, ambako chini kuna papi. Ukikanyaga katikati unalibonyeza bati, na maji yatasimama hapo miaka yote.

Misumari kwanza. Bati la chuma la mita 5 likipashwa nyuzi joto 40 hurefuka milimita 2.4, na usiku hurudi. Kila siku msumari unasukumwa na kuvutwa, na mbao nayo inakauka na kusinyaa, mwisho msumari unajinyanyua. Washa, yaani kipete cha mpira kilicho chini ya kichwa cha msumari, inapasuka kwa jua. Hili ndilo tatizo la mapaa mengi yanayohukumiwa kuezuliwa. Kugongelea msumari uleule urudi chini ni kupoteza muda, kwani tundu kwenye mbao limeshapanuka na baada ya miezi michache utajinyanyua tena. Ng'oa kwa nyundo ya makucha, ukiweka kipande cha mbao chini ya nyundo ili usibonde bati, kisha funga skrubu ya paa iliyo nene kuliko msumari ule, yenye washa pana, na ndefu kiasi cha kuzama kwenye mbao angalau milimita 30. Kwa bati la mawimbi skrubu hukaa juu ya tuta. Anayeipiga kwenye mfereji amefungua bomba, kwani maji yote ya paa yanapita hapo. Kaza hadi mpira uvimbe kidogo pembeni ya kichwa cha skrubu, basi. Ukikaza hadi mpira utoke nje kama ulimi, umeukata, na ukiacha unazunguka kwa kidole, hujafunga kitu.

Halafu bati. Kutu nyeupe ya ungaunga ni zinki inayolika. Hutokea sana kwenye mabati yaliyorundikwa yakiwa mabichi kwa maji kabla ya kuezekwa, na ikisuguliwa na kukaushwa mapema haileti madhara makubwa. Kutu ya kahawia ina maana zinki imekwisha na chuma kiko uchi. Bonyeza hapo kwa kidole gumba. Bati likibaki gumu bado linaokoka: sugua kwa brashi ya waya, osha, likauke, paka rangi ya awali ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya paa. Likilia kama karatasi au likitoboka, hakuna rangi ya kuliokoa. Na rangi ya mafuta ya kawaida usiipake moja kwa moja juu ya zinki inayong'aa. Inachanganyika nayo vibaya na kubanduka kwa vipande vikubwa; tumia rangi ya awali iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

Kipimo kinachoamua zaidi ya vyote kimejificha. Legeza skrubu mbili tatu za ungio moja, nyanyua bati la juu na uchungulie linapolalia lenzake. Maji hunyonywa na kupanda katikati ya mabati mawili yaliyobanana, na yakishaingia hayakauki upesi kwa kuwa hewa haipiti. Kwa hiyo kutu hukomaa hapo wakati nje bati bado linapendeza. Fanya hivyo mahali pane au patano, pande zote za nyumba. Ukikuta maungio masafi, karabati bila wasiwasi. Ukikuta kingo zimeliwa na zinamomonyoka kama biskuti, acha lami dukani. Huwezi kupaka kitu katikati ya mabati mawili, na kila utakachopaka juu kitashikilia maji ndani.

Kipimo changu cha kukata shauri ni hiki, na kila fundi ana chake. Mabati mabovu yakiwa chini ya theluthi moja ya upande mmoja, na maungio mengine ni mazima, badilisha hayo peke yake. Yakizidi hapo, ezua upande huo wote na uuache ule mwingine. Watu husahau kwamba paa si lazima liezuliwe pande zote kwa mara moja. Kinachofungamanisha pande mbili ni kofia tu. Wanaokataa hukataa kwa sababu ya rangi kutolingana, na hiyo ni hoja ya macho.

Kiraka kinachodumu hakikai juu ya tundu kama plasta kwenye kidonda. Bati jipya lichomekwe chini ya lile lililo juu yake na litokeze juu ya lile lililo chini yake, ili maji yasikutane na ukingo wowote unaoyatazama. Ulalio wa juu kwa chini uwe sentimita 15 kwa paa lenye mwinamo mzuri, 20 au zaidi kwa paa lililolala. Ubavuni, kwa bati la mawimbi, lalisha tuta moja na nusu. Kwenye matundu madogo ya misumari ya zamani utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, hufaa. Kuhusu silikoni, inuse kwanza: inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula zinki. Tafuta isiyonuka siki.

Metali nazo zina ugomvi wao. Maji yanayodondoka kutoka bomba la shaba, kama la hita ya sola, yatalitoboa bati la zinki kwa mstari ulionyooka chini ya tone. Saruji mbichi ikirukia bati lenye aluminiamu inalibabua. Hata penseli ya kawaida haifai kuchorea bati la aina hiyo, kwani risasi yake ni kaboni na inaanzisha kutu pale pale ulipochora. Chora kwa kalamu ya wino. Bati likatwe kwa mkasi. Grenda inaunguza mipako ya ukingoni na kurusha cheche zinazonata kwenye bati, na baada ya wiki kadhaa paa jipya lina madoa ya kahawia kama ugonjwa wa ngozi. Ukimaliza kutoboa, fagia chenga za chuma siku hiyohiyo.

Ushauri mmoja unaopendwa kwa kuwa unaonekana rahisi ni kuezeka bati jipya juu ya bati bovu. Unyevu unanaswa katikati, kutu ya zamani inagusana na zinki mpya, skrubu zinapita hewani kabla ya kufika kwenye mbao, na mbao zilizooza zinapata pa kujificha. Sijaona sababu ya kutosha ya kufanya hivyo kwenye nyumba ya kuishi.

Ikiwa hukumu ni kuezua, hesabu kabla ya kuagiza. Tuseme nyumba ni mita 10 kwa 8, paa lina pande mbili na limetokeza sentimita 60 kila upande. Urefu wa kilele ni mita 11.2. Nusu ya upana pamoja na kitokezo ni mita 4.6. Kwa mwinamo wa nyuzi 15 zidisha kwa 1.035, nyuzi 20 kwa 1.064, nyuzi 30 kwa 1.155. Tukichukua 20, urefu wa kushuka ni mita 4.9, ongeza sentimita 5 bati litokeze juu ya gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni. Upana wa bati uhesabu ule linaofunika baada ya kulaliana, sio unaopimwa likiwa chini. Hapo ndipo watu hupungukiwa na bati katikati ya kazi. Likifunika sentimita 80, unahitaji mabati 14 ya mita 5 kwa upande, jumla 28. Ukinunua ya mita 3 kwa kuwa yanabebeka kirahisi, safu mbili zenye ulalio wa sentimita 20 zinafika mita 5.8, kwa hiyo unakata na kutupa karibu sentimita 85 kila mstari, na umejiletea ungio jipya ambalo halikuwa na haja ya kuwepo.

Skrubu nazo zina hesabu. Mistari saba ya papi, bati lenye matuta 10: kwenye mistari mitano ya kati piga tuta moja ruka moja, yaani 25, kwenye mstari wa ukingo wa chini na ule wa kileleni piga kila tuta, yaani 20. Ni 45 kwa bati, 1,260 kwa mabati 28, na za kofia kando. Fundi akiletewa nusu ya hizo hatalalamika, ataruka matuta tu. Upepo haung'oi paa kwa kulisukuma, hulinyonya kwenda juu, na huanzia kingoni na kwenye pembe.

Bati la kwanza lilazwe upande ambao upepo unaelekea, sio unakotoka, ili kila ungio liupe upepo wa mvua mgongo. Tanda kamba ukingoni na uhakikishe pembe ya mraba kwa mita 3, 4 na 5 kabla ya skrubu ya kwanza. Bati la kwanza likipinda sentimita moja, la kumi na nne limeshapinda la kuonekana kutoka barabarani. Kama mbao mpya zimetiwa dawa, ziache zikauke kabisa, kwa sababu dawa nyingi za mbao zina shaba, na shaba hula zinki.

Geji ni namba ya unene wa bati, na geji ndogo ni bati nene: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Muuzaji akikutajia geji, mwombe na unene kwa milimita, maana namba ya geji inanyooshwa sana madukani. Uulize pia gramu za mipako kwa mita ya mraba, kwa kuwa bati nene lenye zinki kidogo litashindwa na bati jembamba lililopakwa vizuri, hasa karibu na bahari.

Wanaotaka kutoka kwenye bati kwenda kwenye vigae vya zege wapime mzigo. Mita moja ya mraba ya bati ni kilo 3 hadi 4; ya vigae hivyo ni 40 hadi 50. Kenchi zilizotengenezwa kwa ajili ya bati hazitaubeba. Kinachosahaulika ni kinyume chake: ukitoa vigae na kuweka bati, uzito uliokuwa ukilishikilia paa dhidi ya upepo umeondoka, na kila kenchi sasa inahitaji kufungwa ukutani kwa mkanda wa chuma. Vigae vyenyewe mara nyingi havifi. Gonga kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinanyamaza. Kinachokufa ni papi na nailoni iliyo chini yake, na unaweza kuezua, kubadilisha hivyo viwili, kisha ukaezeka vigae vilevile.

Paa la asbestosi liko peke yake. Usilitoboe, usilikate, usilisugue kwa brashi ya waya wala kuliosha kwa maji ya msukumo. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zikiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi zina madhara hayo. Likiwa zima, liache lilivyo huku ukipanga kuliondoa. Likianza kuvunjika, waite wenye kibali cha kazi hiyo, hata kama jirani ana ngazi na nyundo.

Jambo la mwisho ni karatasi ya makubaliano. Iandikwe unene wa bati, mipako yake, idadi ya skrubu, urefu wa ulalio, na bei ya kila mita ya mbao itakayobadilishwa, kwa kuwa kiasi chake hakijulikani hadi bati litoke. Iandikwe pia nani anakuja na turubai. Paa liezuliwe kiasi kinachoweza kufunikwa siku hiyohiyo, maana mvua ya saa moja yenye milimita 20 juu ya mita 100 za mraba zilizo wazi ni lita 2,000 za maji, na zote zitapitia darini.

Fundi wa paa